Nyumba Aliyozaliwa Mwalimu Haipo

Jumamosi tena hapa Mwitongo, Butiama. Baba mmoja kashuka kwenye Noah na familia nzima, kawapanga watoto barazani mwa nyumba ya matofali, simu juu: "Chekeni, hapa ndipo alipozaliwa Mwalimu Nyerere!"

Siyo hapo, mzee wangu. Nyumba hiyo alijengewa na chama chake, TANU, akiwa rais. Ile nyingine kubwa, aliyojengewa na jeshi, ilikamilika mwaka 1999, na Oktoba 14 mwaka huohuo akafia London. Hakuwahi hata kuizoea. Mwaka 1922 mama yake, Mgaya, mke wa tano wa Mtemi Burito, alijifungulia kwenye msonge: fito, udongo, nyasi. Msonge haungoji makumbusho. Ukiliwa na mchwa, watu hujenga mwingine pembeni.

Na kabla hujaniuliza ikulu ya mtemi iko wapi: usitafute kasri. Burito alikuwa na wake 22, na mwanawe Kambarage, ndiye Mwalimu, alichunga mbuzi mpaka alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, na miaka yake 12. Tuendelee.

Kinachoniudhi ni kwamba jibu limo ndani ya jina. Wageni hutamka "Mwitongo" kana kwamba ni jina tu la kitongoji. Kwa Kizanaki, itongo ni mahali palipokuwa na mji wa watu, wakahama. Akija Mrundi au Mnyarwanda simtafsirii, neno analo kwao. Wengine nawaambia "mahame", na hapo najishuku mwenyewe, maana mahame yananuka popo na ukiwa. Itongo halijatupwa hivyo. Wazee wako wamelala pale, basi ni kwako, paa liwepo lisiwepo. Ndiyo maana Mwalimu kazikwa Butiama, karibu na makaburi ya wazazi wake, siyo Dar es Salaam wala Dodoma. Kuna mwenzangu hupenda kusema "kiambo". Lakini kiambo kina moshi wa jikoni! Miaka yote hii sijapata neno moja la Kiswahili linalobeba kuhama na kubaki kwa pamoja.

Makumbusho ni ya serikali, Mwitongo ni nyumbani kwa watu. Pigeni hodi.

Yule baba alinisikiliza hadi mwisho, kisha: "Sawa, kaka. Sasa picha tupigie wapi?"

Nikawapeleka kwenye miamba, watoto wakakimbilia pimbi. Miamba angalau ilikuwepo 1922.