Rapu, Hesabu na Fungu la Mvuvi

"Hip hop ni uhuni, hesabu iko wapi?" Mzazi mmoja alinirushia swali hilo mlangoni mwa darasa langu hapa Lamu, baada ya kumkuta mwanawe akigonga deski. Kumbe kijana alikuwa akihesabu. Ubeti wa rapu kwa kawaida una baa 16, kila baa mapigo manne: jumla 64. Mdundo wa mapigo 90 kwa dakika huumaliza ubeti kwa sekunde 43 hivi. Na mzazi mwenyewe hutunga mashairi, mizani 16 kila mshororo!

"Hip hop imezaliwa na magenge," wengine husema. Tarehe ya kuzaliwa kwake inayotajwa sana ni 11 Agosti 1973, Bronx, New York: DJ Kool Herc akipiga muziki kwenye sherehe ya dadake, Cindy, aliyetaka pesa za nguo za shule. Wasichana senti 25, wavulana senti 50. Wakija arubaini arubaini, ni dola 30. Swali la kwanza la somo ndilo hilo.

"Wastani haudanganyi." Hapa hukaa vipindi viwili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari. Tukagawanya: kama 382,000 kwa kichwa. Darasa likapiga mluzi. Msichana mmoja wa nyuma akauliza, "Mwalimu, mwenye mashua ya injini na bibi anayechokoa pweza kwa miguu, fungu lao ni moja?"

Nikaandika ubaoni watu kumi: tisa wapata shilingi 400 kwa siku, mmoja 20,000. Wastani ni 2,360. Uwapange kwa mstari, wa katikati ana 400. Hizo 2,360 hakuna aliyewahi kuzishika.

"Kuleta umaskini kwenye hesabu ni siasa." Basi Bob Moses, mpigania haki za weusi wa Marekani, alikosea mapema: alisomesha hesabu Same, Tanzania, kisha mwaka 1982 akaanzisha Mradi wa Aljebra kwao, akiiona aljebra kuwa haki ya raia.

Yule msichana alirudi na mstari wake, akiughani juu ya mdundo wa deski:

Wastani ni elfu mbili, fungu langu mia nne.

Mzazi yule alikuwa dirishani. Nikamwona akikunja vidole, kimoja kimoja, hadi 16.