Kiti kwanza, ukumbi baadaye: kupanda ibada ya wageni ndani ya parokia ya Nairobi

Kundi la Wadinka wa Sudan Kusini, Wakongomani au Warundi likibisha hodi kwenye parokia ya Kianglikana hapa Nairobi likitaka kusali kwa lugha yake, halmashauri hukaa na kujadili ukumbi. Saa ngapi, pesa ngapi, nani atalipa stima, nani atafagia. Mjadala ukiishia hapo, parokia imejipatia mpangaji. Mpangaji hulipa kodi, hujibana kwenye kona yake, na siku akipata nyumba nafuu anahama. Kisha wenyeji husema, "Si tuliwaambia, hawa watu wana ukabila."

Ushauri wangu ni kugeuza mpangilio: kiti kwenye halmashauri ya parokia kitangulie, ukumbi ufuate. Mtu aliyebatizwa katika Kanisa la Episkopali la Sudan Kusini, au katika Kanisa la Anglikana la Kongo au la Burundi, hajatoka dhehebu lingine. Ni Mwanglikana tangu asubuhi. Anachokosa ni barua ya kumtambulisha, na mara nyingi barua hiyo iliungua pamoja na nyumba. Vika, yaani kasisi anayesimamia parokia, asiyepata barua atafute wazee wawili wanaomfahamu mtu huyo, aandike ushuhuda wao kwenye daftari la parokia, na amwingize kwenye orodha ya wapiga kura wa mkutano mkuu wa mwaka. Hapo ana sauti, hata kama ibada yake bado haijapata saa.

Wanaoogopa kwamba ibada ya lugha itavunja umoja wasome Kifungu cha 24 katika vile Vifungu 39 vya imani yetu: kuomba hadharani au kutoa sakramenti kwa lugha wasiyoielewa watu ni kinyume cha Neno la Mungu. Hiyo ni sheria ya nyumbani, haikuletwa na wakimbizi. Tena kanisa letu lenyewe lilijengwa na watu waliong'olewa kwao. Frere Town, Mombasa, katika miaka ya 1870, ilikuwa makazi ya watumwa waliokombolewa. Ishmael Semler na William Jones, waliowekwa mashemasi na Askofu Hannington mwaka 1885, walikuwa Waafrika waliolelewa India.

Sasa kazi yenyewe.

Usihesabu watu kwa kuangalia nani anakuja Jumapili. Hesabu matangani. Mtu akifa Juba, Bor au Uvira, jamaa zake wa Kasarani, Kayole au Kitengela hukusanyika nyumbani kwa mmoja wao siku kadhaa, na hapo ndipo utaona kaya zote, hata zile zilizohamia makanisa mengine. Kasisi au msomaji wa parokia, yaani mlei anayeongoza sala, aende, akae, anywe chai ya rangi, asihubiri asipoombwa. Aondoke na majina matatu ya watu ambao wengine huwageukia kabla ya kujibu. Mimi singeanza ibada ya lugha kabla ya kupata kaya 12 zinazoishi ndani ya nauli ya matatu moja. Kaya zikihitaji kubadilisha gari mjini, mahudhurio hukatika kila mwisho wa mwezi, na watu wataambiwa imani yao imepoa ilhali kilichoisha ni nauli.

Miezi sita ya kwanza iwe ya nyumbani, kila wiki, kwa zamu. Chifu na mzee wa Nyumba Kumi wapewe barua ya parokia yenye muhuri, inayotaja siku na saa. Mikutano ifungwe kabla ya giza. Mkenya akisimamishwa na polisi akitoka kesha hutoa kitambulisho na kwenda zake. Mkimbizi ambaye karatasi zake zinasema anapaswa kuwa kambini Kakuma huenda akalala seli. Makesha ya usiku kucha, ambayo sisi tunayapenda sana, kwa kundi hili ni hatari, na anayeyapanga bila kuuliza hajafikiri.

Kuhusu kiongozi: wakimbizi wengi wana kasisi wao tayari, aliyewekwa wakfu kwao. Kishawishi ni kumkabidhi madhabahu mara moja. La. Kasisi wa dayosisi nyingine hahudumu hapa mpaka askofu wa hapa ampe ruhusa kwa maandishi, baada ya kuwasiliana na askofu wake wa nyumbani. Ukiruka hatua hiyo, ndoa alizofungisha zitaleta kesi, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 2014 inamtaka mfungishaji awe na leseni ya serikali. Wakati barua zinasubiriwa, msomaji aongoze Sala ya Asubuhi kwa lugha, na vika aje mara moja kwa mwezi kwa ajili ya Meza ya Bwana. Hata matamshi yake yakichekesha, asome utangulizi wa sala kuu kwa lugha yao. Watacheka, na watarudi.

Lugha ndiyo inayoaibisha watu waliosoma. "Kidinka" si kitu kimoja: Maandiko ya lahaja ya Bor na ya Rek ni tafsiri mbili tofauti, na kuchagua kitabu cha nyimbo ni kuchagua upande. Njia inayofaa ni kila upande kusoma somo moja kwa lahaja yake, na nyimbo kupokezana. Nyimbo hizo zisiguswe. Nyingi zilitungwa na wanawake katika vita vya 1983 hadi 2005, zina historia ya kijiji na ya mto ndani yake, na kuzibadilisha kwa pambio za Kiswahili ili "twende pamoja" ni kuwanyang'anya watu shajara yao. Ngoma nayo ije, ila jirani apewe taarifa. Kanuni za kelele za 2009 zinalihusu kanisa pia.

Kwa Wakongomani kosa ni la kinyume: tunadhani hakuna haja ya tafsiri kwa kuwa wanajua Kiswahili. Wanakijua, lakini ni cha kwao. Anayesema "niko nasali" na kuchanganya Kifaransa katika tarehe na bei hukaa kimya mbele ya Kiswahili cha mimbari yetu, achilia mbali Sheng, lugha ya mtaani ya vijana wa kwaya. Asome yeye, aombe yeye kwa Kiswahili chake, na asisahihishwe. Pia usiwaweke Wakongomani wote kapu moja. Wapo waliofika Nairobi wakikimbiana wao kwa wao, na kuwaketisha benchi moja katika wiki ya kwanza kwa jina la upatanisho ni ukatili wenye nia njema.

Karatasi ya ibada chapisha viitikio peke yake, kurasa mbili, herufi kubwa. Maneno marefu ya kasisi hayahitaji kuwa mkononi mwa kila mtu. Tafsiri ifanywe na mmoja, kisha mwingine ambaye hajaona Kiswahili chake airudishe kwa Kiswahili, mlinganishe. Makosa hujificha pale unapodhani ni rahisi. Kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai, kwa mfano, Mungu ni Enkai, neno lenye kiambishi cha kike na linalobeba pia maana ya mvua na mbingu. Mtafsiri wa kutoka nje huhangaika kulirekebisha sarufi ili "Baba" akae sawa. Aache. Wamaasai wanasali hivyo na hawajachanganyikiwa.

Hapo nimeingia kwa jamii asilia, na kwao Nairobi ina mtihani wake: saa. Wamaasai, Wasamburu na Waturkana wengi mjini ni walinzi. Lindo la kawaida ni saa kumi na mbili hadi saa kumi na mbili. Anayetoka asubuhi ya Jumapili hutembea hadi Kangemi au Kibera, hula, hulala. Saa tano yako ya ibada yuko usingizini. Anayeingia asubuhi yuko getini mpaka jioni. Kwa hiyo zinahitajika ibada mbili fupi: moja Jumapili saa nane mchana, ya dakika 50, kwa wa usiku, nyingine Jumatano saa moja na nusu jioni kwa wa mchana. Zamu hubadilika, basi mtu yule yule atahamia kutoka moja kwenda nyingine. Weka daftari moja la mahudhurio kwa zote mbili, la sivyo utaamini umepoteza nusu ya kundi. Mahali pawe karibu na mageti ya Lavington au Karen. Parokia za huko zina walinzi wao wenyewe tayari, na wapo wanaochangia misheni ya Turkana kila mwaka ilhali Mturkana wa getini hajawahi kukaribishwa apite mlango wa kanisa isipokuwa kuzima taa.

Na Waturkana tunadaiwa. Ile ishara ya mwisho wa ibada yetu ya Kikenya ya Ushirika Mtakatifu, iliyotoka 1989, ambapo watu hupunga mkono kuelekea msalabani wakituma matatizo yao huko, ilichukuliwa kwenye desturi ya Waturkana. Katika ibada ya pamoja, aiongoze Mturkana, na watu waambiwe ilikotoka.

Ardhi ni jambo la kwenda nalo polepole. Ukienda kwa Wamaasai au Waogiek huku kamati ya ujenzi ikinusa ploti Kajiado, watakusoma kabla hujafungua Biblia. Waogiek walishinda kesi yao juu ya msitu wa Mau kwenye Mahakama ya Afrika mwaka 2017 na bado wanadai utekelezaji. Liweke hilo kwenye maombi ya watu wote, kwa jina, na si "ndugu zetu wenye shida".

Ibada ya pamoja mara moja kila miezi mitatu inatosha. Mara kwa mara zaidi huwa maonyesho ya mavazi. Watoto ni suala gumu kuliko hilo: wanaosoma shule za hapa huota kwa Sheng na husikia lugha ya mama kama redio ya jirani. Shule yao ya Jumapili iwe pamoja na ya wenyeji, na warudi kwa wazazi wakati wa nyimbo na baraka.

Sadaka iingie akaunti moja ya parokia ikiwa na mstari wake kwenye taarifa ya kila mwezi, na ipokelewe taslimu bila kununa, maana asiye na kitambulisho hana laini ya simu kwa jina lake ya kutumia pesa. Daftari la ubatizo liandikwe jina kama lilivyo kwenye karatasi ya mkimbizi, herufi kwa herufi, hata kama limekosewa, na jina la ukoo liende pambizoni. Cheti hicho kitaonyeshwa shuleni na kwenye mahojiano ya kuhamishiwa nchi ya tatu, na herufi moja ikipishana mtoto huonekana si wa mama yake. Tarehe za kuzaliwa za Januari 1 utaziona nyingi, usizirekebishe.

Mahojiano hayo ndiyo yatakayokunyang'anya kiongozi. Siku moja msomaji uliyemfunza miaka miwili atakuambia anasafiri wiki ijayo kwenda Kanada, na utamfurahia. Kwa hiyo tangu mwezi wa kwanza wafundishwe wawili, mmoja wao mwanamke, wote waijue karatasi ya ibada kwa moyo, na kila mmoja awe na ufunguo wake wa kabati la vikombe.