Umechuja maji, mikono je? Dhana potofu za Njia ya Appalachian

"Nilichuja kila tone, sasa huku kuhara kumetoka wapi?"

Swali hili hurudi kila majira ya machipuko, watu wanapofika wiki ya tatu au ya nne ya Njia ya Appalachian, ile ya kilomita 3,500 na ushei inayoanzia Springer Mountain jimboni Georgia, Marekani, na kuishia kilele cha Katahdin huko Maine, majimbo 14 kwa mguu. Jibu halibadiliki, na halipendwi: kumetoka mikononi. Mwako au mwa mwenzako.

"Nina kichujio kizuri, tumbo langu liko salama"

Kichujio kizuri kinafanya kazi yake, hilo halina ubishi. Hivi vya kukamua ambavyo karibu kila mtu anabeba vina nyuzi zenye matundu ya mikroni 0.1. Kifuko cha giardia, kimelea cha tumbo, kina mikroni 8 na zaidi, kimelea mwenzake kriptosporidia 4 hadi 6, na bakteria wa kuharisha nao ni wanene mno kupenya. Wote hao wanabaki upande wa maji machafu. Norovirusi, kirusi cha kutapika na kuhara, ina kama mikroni 0.03. Hiyo inapita kama dagaa kwenye jarife.

Lakini hata hilo si tatizo kubwa, kwa sababu mara nyingi ugonjwa huu haupitii kwenye maji kabisa. Hesabu siku. Giardia huchukua wiki moja hadi tatu tangu uimeze mpaka tumbo lianze kunguruma. Norovirusi huchukua saa 12 hadi 48. Anayetapika Alhamisi usiku na kulaumu "giardia ya kijito cha jana" anamsingizia asiye na kosa. Ajiulize Jumanne na Jumatano alikula na nani na alilala wapi.

Alilala bandani, bila shaka. Njia hii ina mabanda zaidi ya 250: paa, kuta tatu, sakafu ya mbao, watu wanane au kumi bega kwa bega. Nyuma yake kuna choo cha shimo chenye komeo moja la mbao. Ndani kuna daftari la wageni lenye kalamu moja iliyofungwa uzi. Sasa mwangalie mtu anayetoka chooni: anashika komeo, anarudi, anashika kalamu aandike jina lake la njiani na tarehe, anakaa ukingoni mwa sakafu, anafungua mfuko wa karanga na kusema, "Karibuni jamani." Mikono mitano inaingia. Kila mmoja kati ya hao watano ana kichujio cha bei mbaya kinachoning'inia begani.

Chembe zisizofika 100 za norovirusi zinatosha kumlaza mtu. Kutapika huanza ghafla na kwisha ndani ya siku moja hadi tatu, ila aliyepona huendelea kuitoa kwenye choo kwa wiki mbili au zaidi. Kwa hiyo yule anayekwambia "mimi nimeshapona" ndiye hasa wa kutochangia naye karanga. Mwaka 2022, kati ya Aprili na Juni, zaidi ya watu 200 waliokuwa kwenye boti na kwenye njia za miguu ndani ya Grand Canyon waliugua tumbo kwa mtindo huuhuu.

"Ila mimi natumia sanitaiza." Najua. Spiriti ya sanitaiza haiiwezi vizuri norovirusi, na inazidi kushindwa mkono ukiwa na jasho, vumbi na mafuta ya kujikinga na jua. Sabuni na maji haviui kirusi, vinakiondoa ngozini na kukidondosha chini. Ndicho unachotaka.

Sisi tuliokulia kwenye birika na beseni ndio wa kushangaza zaidi. Nyumbani hakuna anayegusa pilau kabla maji hayajapita mikononi, hata kama pana kijiko. Mtu huyohuyo akivaa begi la mgongoni, miaka yote ya malezi inabaki mjini.

Dawa yake ni kibuyu chirizi, kilekile tulichofundishwa shuleni, ila cha gramu 20. Chukua chupa laini ya plastiki ya nusu lita. Pasha sindano moto, toboa kifuniko tundu moja tu. Ukitoboa matatu utamaliza maji kabla hujamaliza kidole gumba. Beba sabuni ya maji kwenye kichupa cha mililita 30. Ukiwa peke yako, chuchumaa, bana chupa kati ya magoti kifuniko kikiangalia chini, kaza magoti kidogo: maji yanachirizika na mikono yote miwili iko huru. Lowesha, tia matone mawili ya sabuni, sugua sekunde 20 hadi katikati ya vidole na chini ya kucha, suuza. Mililita 200 zinatosha. Fanya hivyo mita 60 kutoka kwenye kijito, hata kama sabuni imeandikwa kuwa inaoza, kwa sababu inaozea kwenye udongo, si majini.

Nyakati ni mbili tu: ukitoka chooni na kabla ya kugusa chakula. Na karanga zimiminwe kiganjani mwa anayeomba, mkono wa mtu usiingie mfukoni. Anayenuna na anune.

Pasipo na choo, chimba. Shimo la sentimita 15 hadi 20, mita 60 kutoka kwenye maji, njia na kambi, ambazo ni kama hatua 70 za mtu mzima. Kina hicho hakikutajwa kwa bahati. Wadudu wa udongo wanaovunja kinyesi wako tabaka la juu, hivyo ukienda chini zaidi unakihifadhi badala ya kukiozesha. Ukiishia juu, wanyama wanafukua na mvua inateremsha kila kitu hadi kwenye chemchemi ambayo mwenzako ataichuja kwa matundu ya 0.1.

Kichujio chenyewe nacho huuawa na mwenye nacho. Kikishalowa mara ya kwanza kisiachwe kigande. Maji ndani ya nyuzi yakiwa barafu yanazipasua, na kwa macho huoni kitu: maji yanatoka kama kawaida, tena pengine kwa kasi ya kupendeza. Machi na Aprili kwenye Great Smoky Mountains usiku hushuka chini ya sifuri, kwa hiyo kichujio kinalala nawe ndani ya mfuko wa kulalia, kwenye mfuko wa plastiki wa zipu. Kikiganda, kitupe. Kosa la pili ni shingo ya chupa: mfuko wa maji machafu unavuja kwenye uzi wa kifuniko, tone linateremka nje ya kichujio na kuingia kwenye chupa safi. Futa kwanza, kaza, ndipo ukamue. Mfuko mchafu uchore msalaba mwekundu na usiutumie kamwe kwa kingine.

Ukisikia mabanda ya mbele yana wagonjwa, ongeza vidonge vya klorini dioksaidi kwenye maji yaliyokwisha kuchujwa, ngoja dakika 30. Au chemsha: dakika moja ya kutokota inatosha. Ile kanuni ya dakika tatu ni ya juu ya mita 2,000, na kwenye njia hii nzima ni kilele cha Kuwohi peke yake, mita 2,025, kinachokugusa.

Ukishaugua, hama banda, weka hema mbali. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kunywa kwa fundo ndogondogo. Antibayotiki za mwenzako zirudishe, hazigusi kirusi. Usimpikie mtu mpaka zipite saa 48 tangu dalili zikome. Ukiona damu kwenye choo, homa kali, au maji hayakai tumboni siku nzima, shuka barabarani utafute daktari.

"Unabeba chakula cha miezi sita"

Hapana. Njia inakatiza barabara mara kwa mara, na huko Hot Springs, North Carolina, inapita katikati ya mji kabisa. Unabeba cha siku tatu hadi tano, kati ya gramu 700 na kilo moja kwa siku. Kipande kirefu kuliko vyote ni kile cha mwisho baada ya Monson, Maine, kilomita 160 hivi, na hapo ndipo unabeba cha siku saba au zaidi. Wanaopiga picha ya Kilimanjaro kichwani, mpishi akichemsha maji na mpagazi na kilo zake 20, waisahau: hapa mpagazi ni wewe. Ndiyo maana siagi ya karanga, karibu kalori 590 kwa gramu 100, inaushinda mchele mkavu wenye kama 360 ambao pia unakula gesi. Na unga wa ugali uache nyumbani, tafadhali. Kuusonga kwenye kisufuria chembamba cha titani ni kuunguza chini na kubaki na unga mbichi juu.

"Buti nzito zisizopitisha maji hulinda mguu"

Maji huingia kwa juu, kwenye kifundo, na yakishaingia buti hilo haliyatoi. Ngozi inalainika, soksi inasugua, malengelenge yanafuata. Viatu vyepesi vya kukimbilia porini hukauka ukitembea. Nunua saizi moja zaidi, miguu huvimba na kutanuka na wengi hawarudi saizi ya zamani. Jozi moja huenda kilomita 600 hadi 800, kwa hiyo panga bajeti ya jozi tano au sita. Ukihisi joto sehemu moja ya mguu, simama hapohapo ubandike plasta, usingoje mapumziko.

"Nikianza na kilomita 30 kwa siku nitamaliza mapema"

Utamaliza mapema kweli, jimboni Virginia, kwa basi la kurudi nyumbani. Misuli huzoea ndani ya wiki chache, kano na mifupa huchukua miezi. Kilomita 12 hadi 16 kwa siku, wiki mbili za kwanza. Hizo 30 zitakuja zenyewe. Kati ya wanaoanza, kama mmoja kati ya wanne ndiye anayefika.

"Hatari kubwa ni dubu"

Dubu weusi wa huko wanataka chakula chako. Kiweke kwenye kopo gumu la kuzuia dubu, mbali na hema, na mengi yanaishia hapo. Wa kuogopa ni kupe, hasa kuanzia Virginia kwenda kaskazini, kwa kuwa anaambukiza ugonjwa wa bakteria uitwao Lyme, na akiwa mchanga ni mdogo kuliko mbegu ya ufuta. Nguo na viatu vipuliziwe dawa ya wadudu, permethrini ya asilimia 0.5, na vikauke kabla ya kuvaliwa. Kila jioni kagua nyuma ya magoti, kinena, kwapa, mkanda wa suruali na nyuma ya masikio. Akiwa ameng'ata chini ya saa 24, mara nyingi hajawahi kuambukiza. Usimchome moto, usimwagie mafuta ya taa wala kumpaka jeli: unamchokoza tu atapike ndani yako. Mshike kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, vuta juu moja kwa moja bila kuzungusha. Andika tarehe, maana doa jekundu linalotanuka linaweza kutokea siku ya 3 hadi ya 30, na daktari ataiuliza. Osha jeraha kwa sabuni. Na mikono.