Injini ya Trekta Isiyopanda Resi: Dhana Potofu na Ukweli Wake

Kuna hitilafu moja ya trekta ambayo huwagharimu watu fedha nyingi kuliko inavyostahili. Injini ya dizeli inawaka bila taabu na inanguruma kwa utulivu katika mwendo wa chini, yaani mizunguko 600 hadi 900 hivi kwa dakika, lakini mkono wa akseleta ukivutwa hadi mwisho haipandi resi: ama inabaki palepale kana kwamba hakuna aliyeugusa, ama inapanda kidogo, inakohoa na kurudi chini. Muda si mrefu mtu ameshatamka kwamba pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye vinyunyizio vya injini, imekufa, na spana zimeanza kufungua vitu visivyo na kosa. Hasara hiyo huletwa na dhana chache zinazorudiwa kwa kujiamini sana, ilhali injini yenyewe huonyesha tatizo liko upande gani kabla bolti hata moja haijalegezwa, ilimradi mtu atazame inavyojibu inapoombwa mwendo.

"Akseleta inasukuma mafuta ndani ya injini"

Dhana hii ndiyo mama wa nyingine nyingi. Katika injini ya dizeli ya kawaida hewa huingia bila kuzuiwa, na kinachoamua mwendo ni kiasi cha dizeli kinachopulizwa na nozeli. Mkono wa akseleta, hata hivyo, haugusi mafuta hayo moja kwa moja. Unachofanya ni kuvuta springi ya gavana, kile kifaa kilicho ndani ya pampu au ubavuni mwake chenye vyuma vizito vinavyozunguka pamoja na shafti. Vyuma hivyo, kadiri vinavyozunguka kwa kasi, husogea nje na kusukuma upande wa kupunguza mafuta, wakati springi husukuma upande wa kuyaongeza, na mwendo wa injini hutulia pale nguvu hizo mbili zinapolingana. Ukivuta akseleta unaikaza springi, mafuta yanaongezeka, injini inapanda hadi vyuma vipate nguvu ya kuizuia tena.

Kwa hiyo injini inayokwama katika mwendo wa chini inaweza kuwa na matatizo ya aina nne yaliyo mbali kabisa moja na jingine. Huenda amri ya dereva haiifikii springi. Huenda amri inafika, lakini kitu kinachopima mafuta ndani ya pampu kimenata. Huenda mafuta yenyewe hayafiki ya kutosha. Huenda mafuta yapo na pumzi ndiyo haipo.

"Pampu imekufa"

Pampu iliyoweza kuwasha injini na kuiendesha kwa mlio ulio sawa imekwisha kuthibitisha kwamba inajenga shinikizo la kufungua nozeli. Inaweza bado kuwa na kasoro, lakini haistahili kuwa mshukiwa wa kwanza. Kuifungua kunahitaji meza maalumu ya kuipima, na kuirudisha bila kulinganisha alama za majira yake, yaani wakati wa kupuliza mafuta, kunaweza kuleta tatizo jipya kubwa kuliko lile la mwanzo.

Kipimo cha kwanza hakihitaji spana. Trekta likiwa limezimwa, mtu mmoja akae kitini na kuvuta akseleta hadi mwisho, huku mwingine akitazama kwa makini kile kilefa, yaani kimkono kidogo cha chuma, kilichoko kwenye pampu. Kilefa hicho kina skrubu mbili: moja hukizuia upande wa mwendo wa chini, nyingine upande wa mwendo wa juu. Kinatakiwa kutoka kabisa kwenye ile ya kwanza na kwenda kugusa ya pili. Mara nyingi kinachoonekana ni kwamba mkono wa akseleta kule juu unasogea kwa urefu wa kiganja, lakini kilefa kinasogea kwa upana wa kucha tu, kwa sababu kiungo chenye gololi ya chuma kimelika, nati imelegea kwenye shafti, au ganda la kebo limechomoka mahali linaposhikiliwa. Tatizo la namna hii hurekebishwa na mtu mwenye koleo na subira.

Kilefa kikifika mwisho na injini bado haijibu, chomoa fimbo inayokiunganisha na akseleta na ukisogeze kwa mkono. Unatakiwa kuhisi springi ikikupinga na kujaribu kukirudisha. Kikilegea tu, kikianguka huku na huku bila upinzani wowote, basi springi ya ndani pengine imekatika au imechomoka kwenye ndoano yake, na hapo pampu imepata kesi ya kujibu.

Kabla ya hapo, lakini, tazama kilefa cha kuzimia. Katika matrekta mengi ya zamani injini huzimwa kwa kuvuta waya unaokata mafuta kwenye pampu. Waya huo ukiota kutu ndani ya ganda lake haurudi wote, nao huacha mafuta yakiwa yamebanwa nusu: yanatosha kuwaka na kunguruma, hayatoshi kupanda. Sababu hii husahaulika kwa kuwa watu huamini kwamba kitu cha kuzimia kina hali mbili tu, kufungwa na kufunguliwa. Kisukume kwa kidole hadi mwisho wa upande wa kufungua, kisha jaribu tena.

"Ikinguruma vizuri, mafuta yanafika"

Injini ya trekta la ukubwa wa kati inaponguruma bila kazi hutumia lita moja au mbili tu kwa saa, wakati ikivuta jembe kwa nguvu zake zote inaweza kupita lita 10. Mfereji mwembamba sana wa mafuta unatosha kuilisha katika mwendo wa chini, na utulivu wake hapo hauthibitishi lolote kuhusu chujio, paipu wala pampu ya kupandisha mafuta kutoka tangini.

Tofauti iko katika namna injini inavyokataa. Ambayo amri haiifikii hubaki tulivu kabisa, haijibu wala haijaribu. Yenye njaa ya mafuta hujaribu: hupanda kwa sekunde chache, hupungua, hukohoa, pengine huzimika, na ikipumzishwa dakika moja huweza kupanda tena kidogo kwa sababu mafuta yamejikusanya ndani ya filta. Mtu aliyeona tofauti hii mara moja haisahau, nami naiona kuwa ya thamani kuliko vifaa vingi vya kupimia.

Tuhuma zikielekea kwenye mafuta, anza juu ya tangi. Kifuniko kina tundu dogo la kuingizia hewa, na tundu hilo likizibwa na vumbi tangi hujivuta lenyewe hadi mafuta yanakataa kutoka. Legeza kifuniko injini ikiwaka: ukisikia hewa ikifyonzwa na resi ikarudi, umemaliza kazi. Kisha chunguza kichujio cha wavu kilichoko kwenye mdomo wa kutolea mafuta tangini, na vile vichujio vidogo vinavyofichwa ndani ya bolti zenye matundu kwenye baadhi ya pampu. Mtu anaweza kubadilisha filta kubwa mara tatu bila kujua kwamba vitu hivi vipo.

Hapo ndipo dhana nyingine inapojificha, ile ya kusema "filta nimeshabadilisha" kana kwamba jambo hilo limefungwa. Maji yakijikusanya chini ya tangi, bakteria na kuvu huota pale maji yanapokutana na dizeli na kutengeneza ute mweusi unaoteleza kama mlenda. Filta mpya kwenye tangi kama hilo huweza kuziba ndani ya siku chache.

Vilevile, watu hutafuta paipu inayovuja kwa kutazama mahali penye unyevunyevu. Upande wa kutoka tangini hadi kwenye pampu ya kupandishia, mafuta hufyonzwa, kwa hiyo ufa mdogo huingiza hewa badala ya kutoa dizeli na hubaki mkavu kabisa kwa nje. Weka kwa muda kipande cha mpira unaopitisha mwanga, uone kama mapovu yanapita.

Kipimo kinachomaliza ubishi ni kumlisha mshukiwa kutoka chungu kingine: dumu safi la dizeli liwekwe juu kuliko pampu, liunganishwe kwa mpira safi na filta ndogo hadi kwenye mdomo wa pampu ya nozeli, na hewa itolewe kikamilifu. Ikipanda resi hapo, pampu haina hatia, na kosa liko mahali fulani kati ya tangi na pampu.

"Moshi mweusi ni mafuta kuzidi, punguza mafuta"

Moshi mweusi ni mafuta kuzidi hewa, na mara nyingi kilichopungua ni hewa. Filta ya hewa iliyojaa vumbi, mpira wa kuingiza hewa uliosinyaa kwa ndani, au kiota cha panya au nyigu kwenye njia ya hewa au kwenye ekzosi vinaweza kuinyima injini pumzi kiasi cha kuifanya ishindwe kupanda. Moshi mweupe mzito huashiria mafuta yanayotoka bila kuungua, iwe kwa sababu ya hewa iliyoingia kwenye mafuta, majira yaliyochelewa au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) iliyopungua. Lakini akseleta ikivutwa na ekzosi isitoe moshi wowote mpya, mafuta hayaongezeki, na kushughulika na filta ya hewa ni kupoteza mchana.

"Ilegeze ile skrubu yenye lakiri"

Skrubu ya mwendo wa juu huweka kikomo tu. Kama kilefa hakiifikii, kuilegeza hakuongezi hata mzunguko mmoja. Balaa huja baadaye: siku kosa halisi likirekebishwa, injini iliyoundwa kuishia mizunguko 2,200 au 2,500 hupanda bila kizuizi hadi valvu zinagongana na pistoni. Lakiri ile ilitiwa kiwandani kwa sababu hiyo.

Ushauri wa kutia petroli ili "kusafisha pampu" nao ni wa kukataa. Pampu nyingi za mzunguko, zile zinazogawa mafuta kwa kichwa kimoja kinachozunguka, hulainishwa na dizeli yenyewe, na petroli huosha ulaini huo. Kupuliza etha, ile dawa ya kusaidia injini kuwaka, kwenye njia ya hewa kunaweza kuibadilisha sauti kwa sekunde mbili, lakini hakutibu kitu, na kwenye injini yenye kipasha joto cha hewa au plagi za joto kunaweza kulipuka.

Ni kweli kwamba trekta lililosimama muda mrefu huweza kunata valvu ya kupimia mafuta, au ule ufito wa chuma wenye meno unaopima mafuta ndani ya pampu za mstari, zile zenye pistoni ndogo kwa kila silinda. Anayejaribu kuulegeza ajue kwamba ukiachia ghafla katika hali ya mafuta mengi, injini itapanda bila kutii akseleta. Awe na ubao bapa tayari wa kuziba njia ya hewa, wala asithubutu kuziba kwa kiganja.

Kuna pia baadhi ya pampu za mzunguko ambazo ndani ya gavana zina pete ya plastiki laini inayochakaa na kumeguka. Fungua kiungo cha paipu ya kurudisha mafuta kilicho juu ya pampu. Ukikuta chembe nyeusi kama punje za pilipili manga zimeziba kivalvu chake, umepata jibu. Kuzisafisha hurudisha resi kwa muda mfupi, kisha nyingine hufuata. Pampu hiyo lazima iende mezani.

"Pima nguvu ya nozeli kwa kidole"

Hili ni la hatari kuliko yote. Nozeli za zamani hufunguka kwa shinikizo la bar 150 na zaidi, na mifumo mipya ya reli moja (common rail), ambamo paipu moja nene hulisha nozeli zote, hupita bar 1,000. Mchirizi usioonekana hupenya ngozi na kuacha alama kama ya sindano, isiyouma sana mwanzoni, huku dizeli ikiharibu nyama ndani. Jeraha hilo linahitaji daktari wa upasuaji saa hiyohiyo. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha kadibodi, na paipu za mfumo wa reli moja hazilegezwi kamwe injini ikiwaka.

Katika matrekta hayo mapya hakuna fimbo wala kebo. Akseleta ni sensa, na kompyuta ikiona ishara zisizolingana, au shinikizo la mafuta liko chini, hushikilia injini katika mwendo wa chini ili kuilinda. Soma misimbo ya makosa kwanza, na uiandike kabla ya kuifuta.

Ikiwa vipimo vyote vimeelekeza kwenye pampu, mpe fundi wa meza maelezo kamili: injini ilikataa kwa utulivu au kwa kukohoa, moshi ulikuwa wa rangi gani, kilefa kilipinga au kililegea. Na wakati pampu iko kwake, mwaga tangi lote, lioshe, puliza paipu, badilisha filta, ili pampu iliyotengenezwa isirudi kunywa ute uleule ulioiharibu.