Seli shina za utumbo: nani anaziamuru zigawanyike?

Seli shina ni seli ambayo bado haijachagua kazi. Ikigawanyika huzaa nyingine kama yenyewe, au huzaa seli itakayokomaa na kushika kazi moja: kufyonza chakula, kutoa ute, kutoa homoni. Za utumbo hazipumziki, kwa kuwa ngozi ya ndani ya utumbo mwembamba hubadilika yote kila baada ya siku 3 hadi 5 hivi. Bugali na sambaza vya Jumatatu havikufyonzwa na seli zitakazofyonza chakula cha Jumapili.

Kwenye mikroskopu, ngozi hiyo imejaa vijidole vilivyosimama, na kati yake kuna vishimo. Chini kabisa ya vishimo, zikiwa zimebanwa kati ya seli jirani ziitwazo seli za Paneth, ndipo seli shina zinapokaa. Mwaka 2007 Nick Barker na Hans Clevers, huko Uholanzi, walizitambua kwa alama iitwayo Lgr5.

Kinachoziamuru ni mahali zilipo. Seli za Paneth na tishu ya chini hutoa ujumbe wa kemikali, Wnt: endelea kugawanyika. Seli ikisukumwa juu, Wnt hupungua na ujumbe mwingine, BMP, huzidi: acha, komaa. Ujumbe wa tatu, Notch, hupita kati ya seli zinazogusana na kuamua ipi itafyonza, ipi itatoa ute. Ikifika ncha ya kijidole, seli hudondoka na kutoka na choo.

Kwangu, jambo kubwa ni kwamba cheo cha seli shina si cha kudumu. Mionzi au dawa za kansa zikiua seli shina, zile zilizokwisha anza kukomaa zinaweza kurudi na kuwa seli shina tena. Tumboni mwa mama pia, karibu kila seli ya utumbo hugawanyika mwanzoni. Vijidole huota kwanza, na baadaye mgawanyiko hubaki mabondeni tu, ambako vishimo vitatokea.

Hapa Goma, ambako familia nyingi bado zinachota maji ya ziwa kwa bidoni, watoto wanaharisha mara kwa mara, na ugonjwa si mmoja. Sumu ya kolera haibomoi ngozi ya utumbo. Inazilazimisha seli kumwaga chumvi na maji, ndiyo maana SRO (chumvi na sukari ya kuchanganya na maji na kunywa) ni ya haraka kabisa. Rotavirusi inaua seli za juu ya vijidole. Vishimo vikibaki salama, seli shina zinapandisha nyingine. Mwaka 2004 OMS (Shirika la Afya Duniani) na UNICEF walishauri mtoto anayeharisha apewe zinki miligramu 20 kwa siku, kwa siku 10 hadi 14 (miligramu 10 kwa mtoto wa chini ya miezi 6). Mama, usiache vidonge siku choo kinapokauka: seli haziwezi kugawanyika vizuri bila zinki, na ukarabati haujaisha.

Kansa ya utumbo mpana huanza amri hizo zinapoharibika. Jeni iitwayo APC kwa kawaida huuzima ujumbe wa Wnt. Ikivunjika, seli inasikia “gawanyika” hata pale ambapo hakuna anayeiambia, na kivimbe kinaota. Kwa kawaida kivimbe huchukua miaka mingi kabla ya kugeuka kansa, na daktari mwenye kamera ya utumbo anaweza kukikata kabla ya hapo.