Kupingi seva si kuangalia poti

"Shikamoo dada. Seva zote ziko hewani, nimezipingi zinajibu. Shida itakuwa kwenye kompyuta zao."

Simu hii nimepokea tena Jumatatu, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, kutoka kwa fundi wa ofisi moja ya uwakala wa forodha hapa Tanga. Ni kijana mchapakazi, sina ugomvi naye. Lakini maneno hayohayo nimeyasikia Chumbageni, nimeyasikia Pongwe, nimeyasikia kwenye ofisi za mashamba ya mkonge njia ya Korogwe, na kila mara yamegharimu watu asubuhi nzima. Nimechoka kuyajibu kwa simu, kwa hiyo nayajibu hapa.

(Nasema poti, yaani mlango wenye namba ambao huduma ya kompyuta hupokelea mawasiliano. Najua wapo wanaosema bandari, lakini hapa kwetu bandari ni ile yenye meli, na wateja wangu wengi riziki yao iko huko.)

Pingi ni ujumbe mfupi wa kuuliza mashine kama ipo, na haigusi poti yoyote. Inatumia ICMP, lugha ya mtandao ya kupeana taarifa za hali, na ICMP haina namba za poti kabisa. Ukipingi ukajibiwa, umejua kwamba mashine ina umeme, ina anwani, na njia ya kuifikia ipo. Ni kama kupiga hodi dukani ukaitikiwa na mtoto kutoka uani: nyumba ina watu, ila hujajua kama mwenye duka yupo wala kama anauza. Huduma inaweza kuwa imekufa tangu jana usiku na pingi ikaendelea kujibu bila wasiwasi.

Sasa yaliyotokea Jumatatu. Ofisi ile ina seva mbili za Citrix, mfumo unaomwezesha mfanyakazi kutumia programu iliyoko kwenye seva, zinazoendesha programu ya forodha na ya uhasibu. Jumapili usiku umeme ulikatika, ukarudi alfajiri, na mashine zote zikajiwasha kwa mpigo. Asubuhi wafanyakazi wanafungua kompyuta, aikoni zote zipo. Wawili waliowahi wakabofya, wakaingia, wakaanza kazi. Waliofuata wakibofya kiduara kinazunguka, kinazunguka, halafu unakuja ujumbe kwamba hakuna seva ya Citrix kwenye anwani hiyo.

Fundi akazipingi seva zote mbili, zikajibu. Akaingia kwenye seva ya pili yenyewe, akaandika netstat -ano, amri inayoorodhesha poti za mashine, akaziona poti za Citrix, 1494 na 2598, zimeandikwa LISTENING, yaani zinasikiliza. Kwa kuwa watu wawili walikuwa kazini bila shida, akahitimisha kwamba ubovu uko kwenye kompyuta za wengine. Akaanza kufuta na kusakinisha upya programu ya Citrix, kompyuta moja baada ya nyingine. Aliponipigia alikuwa ameshafika ya nne, na nyuma yake namsikia mama mmoja akiuliza kontena la mteja wake litalipiwa siku ngapi za ziada.

Nilimwomba kitu kimoja tu: atoke kwenye seva, akae kwenye kompyuta ya dada wa mapokezi, aandike telnet (amri inayojaribu kuunganika na poti), anwani ya seva ya kwanza, kisha 1494. Kioo kikawa cheusi, na pembeni juu kushoto zikaanza kujitokeza herufi: ICA, ICA, ICA. Hivyo ndivyo poti 1494 ya Citrix inavyojitambulisha. Ukienda 2598 utaona CGP/01. Nikamwambia arudie kwa seva ya pili. Kimya. Baada ya sekunde kadhaa, haikuunganika. Akarudia kwa 2598, vilevile.

Kumbe seva ya pili, ambayo ni mpya na ina kasi, iliwaka kabla ya seva ya domeini, ile inayotambua kompyuta na watumiaji wa ofisi, kuwa tayari. Windows ikatafuta domeini, haikuiona, ikauhesabu mtandao ule kuwa mtandao wa umma. Sheria za fayawoli (mlinzi anayeruhusu au kuzuia mawasiliano) za 1494 na 2598 fundi alikuwa ameziweka kwa mkono wake, na alizifungulia mtandao wa domeini peke yake. Basi zikafungwa. Sheria ya pingi aliifungulia kila aina ya mtandao, kwa sababu pingi ndiyo anayoitegemea. Poti 80 nayo ilikuwa wazi kote, kwa hiyo seva ile ikaendelea kujiandikisha vizuri kabisa kwa mgawa kazi wa Citrix. Mgawa kazi anatazama: seva ya kwanza ina watu wawili, ya pili haina mtu. Kila anayebofya anampeleka ya pili. Seva ya kwanza, ya zamani na inayochelewa kuwaka, ndiyo iliyowabeba wale waliowahi.

Na netstat? Netstat haikusema uongo. Inakwambia huduma inasikiliza, ukiwa umesimama ndani ya mashine. Fayawoli imesimama mlangoni. Mfanyakazi yuko nje. Ukiwa ndani ya chumba huwezi kujua kama mlango umefungwa kwa nje mpaka utoke ukausukume. Ndiyo maana nasisitiza, na nitasisitiza kwa kila fundi nitakayemfundisha: poti ipimwe kutoka anakokaa mtumiaji. Kama mna tawi Muheza, kipimo kimoja kikae Muheza. Kama telnet haijawashwa kwenye kompyuta, PowerShell ina Test-NetConnection. Unampa anwani na namba ya poti, anakujibu kweli au si kweli.

Tulizima kadi ya mtandao ya seva ya pili tukaiwasha tena, Windows ikaiona domeini, mlango ukafunguka. Dakika moja. Kisha tulifanya mawili ya kudumu. Sheria za fayawoli tukaziandika upya kwa anwani za mitandao inayoruhusiwa, tukaacha kutegemea Windows imeuhesabuje mtandao. Na seva za Citrix tukazichelewesha: umeme ukirudi, seva ya domeini inaanza, nyingine zinafuata baada ya dakika tano. Kwa mji unaokatikiwa umeme kama wetu, huo mpangilio wa kuwaka ni sehemu ya kusanidi poti, hata kama hakuna kitabu kinachouweka kwenye sura hiyo.

Nisingependa mtu aondoke hapa akidhani basi, telnet ikiunganika kila kitu ni shwari. Anayepokea muunganisho wa TCP, ule ambao telnet hutumia, kwanza ni mfumo endeshi. Huduma inaweza kuwa imeganda kabisa, haichakati chochote, na mfumo endeshi ukaendelea kwa muda kupokea wageni na kuwapanga kwenye foleni. Programu yako ya ufuatiliaji itaonyesha kijani huku watu wamekaa mikono kifuani. Kwa hiyo usiishie kuunganika. Subiri usome hizo herufi. Na poti 80 ina mtego wake: IIS, programu ya Microsoft ya kuendesha tovuti, pia huipenda. Nimewahi kukuta seva iliyosakinishiwa tovuti ya majaribio, ikaishika 80, huduma ya XML ya Citrix ikakosa pa kukaa. Poti ilikuwa wazi, ilijibu haraka, na aliyejibu hakuwa yule tuliyemtaka. Ukitumia netstat, ile -o mwishoni inakupa namba ya mchakato. Itafute kwenye orodha ya michakato ujue ni nani hasa amekalia poti yako.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni akaunti moja ya majaribio inayofungua programu ndogo, Notepad inatosha, kila baada ya dakika kumi, na kunitumia ujumbe ikishindwa. Hicho kinapita njia yote anayopita mtumiaji. Pingi iache ibaki, inafaa kujua kama mashine imezimika, lakini isiwe ndiyo ripoti unayompelekea bosi.

Dhana nyingine nazipitia haraka.

"Nimebadilisha 3389 kuwa namba nyingine, sasa tuko salama." Hapana. 3389 ni poti ya RDP, huduma ya kuingia kwenye Windows kutoka mbali. Poti za TCP mwisho wake ni 65535, na programu za kuskani hupita zote bila kuchoka. Huduma ya RDP ikiguswa hujitambulisha yenyewe popote ilipo. Mwezi Mei 2019 Microsoft walitoa kiraka, yaani sasisho la kuziba udhaifu, cha udhaifu wa RDP uitwao BlueKeep, mkubwa kiasi kwamba walikitoa hata kwa Windows XP ambayo walikuwa wameshaacha kuihudumia. Mashine isiyo na kiraka haikuokolewa na namba mpya ya poti. RDP isiachwe uchi kwenye intaneti kwa namba yoyote. Iweke nyuma ya VPN (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ofisi) au geti linalopokea 443, poti ya tovuti salama. Nimeikuta iko wazi kwenye ofisi ambazo mlangoni zimeweka walinzi wawili.

"2598 haina kazi, 1494 inatosha." Hii inaniumiza kwa sababu wanaoumia ni watu wa matawini. Poti 2598 ndiyo inayobeba uwezo wa sesheni kuvumilia mtandao ukikatika. Kwa kawaida seva humsubiri mtumiaji sekunde 180, kioo kinaganda, mtandao ukirudi anaendelea alipoishia. Ukiizima, mtandao ukipepesuka tu sesheni inakatika na mtu anaanza kuingia upya. Fungua zote mbili.

"Telnet imeunganika, kwa hiyo UDP nayo iko sawa." UDP ni njia nyingine ya kusafirisha data, isiyosubiri uthibitisho kama TCP. Telnet ni TCP peke yake. RDP imekuwa ikitumia UDP 3389 pamoja na TCP tangu toleo la 8, na Citrix nayo hutumia UDP kwenye namba zilezile 1494 na 2598. Ukifungua TCP ukasahau UDP, watu wataingia, ila picha itakuwa nzito kwenye laini mbovu na utapelekewa lawama za kasi ya intaneti.

"Zima fayawoli kwanza tuone." Ukizima ikakubali, umejua tatizo ni fayawoli, lakini hujajua ni sheria ipi. Na tangu nianze kazi hii sijaona fayawoli "iliyozimwa kidogo" ikawashwa siku hiyohiyo. Washa kumbukumbu za fayawoli, soma ni poti gani imekataliwa, fungua hiyo.

Na ya mwisho, inayowapata wale ambao kila kitu kinawaendea vizuri: "Leseni zinafanya kazi, poti yake haina shida." Seva ya leseni ya Citrix inahitaji 27000 na 7279. Wengi hufungua ya kwanza wakaiacha ya pili. Seva za programu zikipoteza mawasiliano na leseni hazigomi siku hiyo. Zina muhula wa siku 30. Kwa hiyo kosa la fayawoli lililofanyika tarehe 2 linajitokeza mwezi unaofuata, fundi aliyelifanya ameshalisahau, na onyo limekaa kwenye kumbukumbu za seva siku zote hizo bila mtu wa kulisoma. Ziweke 27000 na 7279 kwenye ufuatiliaji leo, zote mbili, zikipimwa kutoka kwenye seva za programu zenyewe, kwa sababu wenye kuzihitaji ni hizo seva.