Shinbutsu-shugo: Mungu Aliyevaa Joho la Mtawa

Katika hekalu la Todai-ji, mjini Nara, Japani, kuna sanamu ya mbao iliyochongwa na Kaikei mwaka 1201. Ukiitazama utasema ni mtawa wa Kibuddha: kichwa kimenyolewa, joho la kitawa mwilini, fimbo yenye pete mkononi, naye ameketi juu ya ua la yungiyungi. Kumbe ni Hachiman, mungu wa Shinto, dini ya jadi ya Kijapani, kipenzi cha wapiganaji.

Hiyo ndiyo shinbutsu-shugo kwa macho. Shin ni kami, yaani miungu ya Kijapani. Butsu ni Buddha. Shugo ni kuungana.

Ubuddha ulifika Japani karne ya 6 kutoka ufalme wa Baekje, Korea. Uliwakuta watu na kami wao, wa mlima, wa mto, wa ukoo, na haukuwafukuza. Watawa walianza kufundisha kwamba hata kami wana mateso yao na wanahitaji kukombolewa kama sisi. Basi mahekalu yakajengwa kando ya maskani ya kami ili wasomewe maandiko. Wazo hilo hunigusa sana: mungu anasomewa kitabu ili apate nafuu. Hachiman alikuwa wa mbele katika hili. Mwaka 749 aliletwa Nara kutoka Usa, kisiwani Kyushu, kuunga mkono kazi ya sanamu kubwa ya Buddha, na mwaka 781 akapewa cheo cha bodhisatva mkuu, yaani mtakatifu wa Kibuddha anayewasaidia wengine wakombolewe.

Baadaye hoja ikapanda daraja. Kwa fundisho la honji suijaku, kami si mwanafunzi tena: ni Buddha mwenyewe aliyejitokeza kwa sura ambayo Wajapani wangeitambua. Amaterasu, mungu wa kike wa jua, akahesabiwa kuwa Dainichi, Buddha ambaye jina lake maana yake ni Jua Kuu.

Ndiyo maana kuiita hali hii "mchanganyiko" kunaweza kutupotosha. Kwa waumini wengi hapakuwa na dini mbili za kuchanganya. Kutenganisha ndiko kulikohitaji nguvu ya dola. Mwaka 1868 serikali mpya ya Mfalme Meiji iliamuru kami na Buddha waachane. Watawa waliowahudumia kami walilazimishwa kuvua majoho, na hasira ikavuka hata amri yenyewe: sanamu zikachomwa, kengele zikayeyushwa. Huko mjini Kamakura, majengo ya Kibuddha ya Tsurugaoka Hachimangu, maskani ya Hachiman, yalibomolewa.

Hata hivyo watu hawakugawanyika kirahisi. Hadi leo familia nyingi humpeleka mtoto mchanga kwa kami, na kwa mazishi humwita mtawa wa Kibuddha. Toyokawa Inari, mkoani Aichi, ni hekalu la Zen, tawi la Ubuddha, lakini unaingia kwa kupita torii, lango la Shinto, na ndani wamejipanga mamia ya mbweha wa mawe, wajumbe wa Inari, kami wa mpunga, kila mmoja na kitambaa chekundu shingoni.